Mtoto wa mbwa: dume au jike?

Laika, mbwa aliyerushwa na Wasovieti kwenda angani tarehe 3 Novemba 1957, alikuwa jike, na haikuwa kwa bahati. Nafasi ndani ya chombo ilikuwa finyu mno kwa mbwa wa kuinua mguu akojoapo. Jike huchuchumaa, hivyo ilikuwa rahisi kumvisha kifaa cha kukusanya haja zake. Lassie wa sinema ya mwaka 1943 naye ni jike katika hadithi, lakini mbwa aliyeigiza ni dume, Pal. Jike asiyefungwa kizazi hupukutika manyoya sana baada ya kipindi cha joto, na mbele ya kamera manyoya mazito yanahitajika kila siku ya kazi.

Waliochagua mbwa hao waliangalia kazi na mazingira. Wanunuzi wengi wa Dar es Salaam na Nairobi huanza na neno jingine kabisa: dume ndiye mkali.

Sikubaliani nao. Viwango vya kimataifa vya German Shepherd vinampa dume kilo 30 hadi 40 na jike kilo 22 hadi 32. Mwizi aliyesimama nje ya geti saa nane za usiku hapimi tofauti hiyo ya kilo; anasikia mbwa anabweka, anajua kwamba wenye nyumba wataamka. Kubweka kwa wakati na kumtii mwenye nyumba hutokana na wazazi wa mbwa na malezi yake, na majike wengi ni walinzi hodari.

Tofauti kubwa iko kwenye uzazi, na hapo ndipo ukuta wa nyumba yako unapoingia. Dume asiyehasiwa akinusa harufu ya jike mwenye joto mtaa wa pili, hachoki kutafuta upenyo. Atachimba chini ya uzio, atapita katikati ya miguu ya anayefungua geti. Huko nje kuna magari, kuna mapigano, kuna kichaa cha mbwa. Kuna pia uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa huambukizana kwa kupandana, seli za uvimbe zenyewe zikihama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Dalili ya kawaida ni matone ya damu yasiyokoma. Hutibika kwa sindano za vinkristini, lakini ni matibabu ya wiki kadhaa.

Jike, kwa upande wake, huleta madume getini kwako. Wengi hupata joto la kwanza kati ya miezi 6 na 12, wakubwa wa umbo wakichelewa zaidi, kisha hurudia takriban kila miezi sita. (Basenji, mbwa wa asili ya Kongo, hupata mara moja tu kwa mwaka.) Kila kipindi huchukua kama wiki tatu. Akipandwa, baada ya siku 63 hivi una watoto wa kulisha, kuwapa dawa ya minyoo na kuwatafutia watu wa kuwachukua.

Lakini kinachonitia hofu zaidi kwa jike ni usaha kwenye mfuko wa uzazi. Hujitokeza wiki chache baada ya joto, hasa kwa majike waliokwisha kukomaa umri. Mbwa hukosa hamu ya kula, hunywa maji kupita kiasi, hutapika. Wakati mwingine usaha hautoki nje kabisa, na mwenye mbwa hudhani ni homa tu. Ukiona dalili hizo, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwa sababu mara nyingi upasuaji ndio unaomwokoa. Sindano za homoni za kuzuia joto, ambazo baadhi ya watu huzipenda kwa urahisi wake, huongeza hatari ya ugonjwa huu. Kumfunga kizazi huiondoa karibu yote.

Kwa mbwa wakubwa, muda wa upasuaji una uzito wake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliotoka mwaka 2016, ulionyesha kuwa German Shepherd waliohasiwa au kufungwa kizazi kabla ya mwaka mmoja walipata matatizo ya viungo zaidi ya wasiofanyiwa. Zungumza na daktari mapema.

Mimi nashauri hivi. Kama unaweza kugharamia upasuaji, chukua jike bila wasiwasi. Kama fedha ni chache na ukuta ni imara, chukua dume. Kumhasi ni upasuaji mwepesi kuliko kumfunga jike kizazi. Kama tayari una mbwa nyumbani, chukua wa jinsia tofauti na uhakikishe angalau mmoja hazai, maana majike wawili wakishachukiana ni kazi ngumu kuwapatanisha.

Siku ya kununua, omba kumwona mama wa watoto hao wa mbwa. Akiwa mwoga au anang'ata hovyo, ondoka. Mtoto awe ametimiza wiki nane. Mgeuze mwenyewe uone jinsia: uume wa dume uko tumboni, karibu na kitovu; uke uko chini ya mkia. Kwa dume, papasa kama korodani zote mbili zimeshuka. Iliyobaki tumboni huweza kugeuka saratani baadaye, na kuitoa kunahitaji upasuaji mkubwa zaidi. Kisha uliza cheti cha chanjo, na uandike tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa: kwa kawaida ni akifikisha miezi mitatu, awe dume au jike.