Jina la Mgahawa ni Ahadi: Somo kwa Wanaoanzisha Biashara ya Chakula

Kila kituo cha magari kinapokua, biashara ya chakula huwa miongoni mwa zile za mwanzo kuota pembeni yake. Hali hiyo inaonekana Nyakanazi na Lusahunga wilayani Biharamulo, na vilevile Benaco, Kabanga na Rusumo wilayani Ngara, ambako wakazi hula meza moja na madereva wa malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo. Migahawa ni mingi, vyakula vinafanana na bei hazipishani sana. Anayefungua mgahawa mpya katika mazingira hayo hana budi kujiuliza swali moja mapema: mteja aliyekula leo atamwelekezaje mwenzake kesho?

Jibu la swali hilo ndilo linaloitwa utambulisho wa biashara. Wengi hudhani utambulisho ni bango kubwa lenye rangi za kuvutia, lakini bango ni sehemu ndogo tu. Utambulisho ni ahadi ambayo mteja anaweza kuitaja kwa maneno machache, na kuikuta imetimizwa kila arudipo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ina ukweli wake, ila mchuzi mtamu usiokuwa na jina ni vigumu kumwelekeza mtu aufuate.

Ahadi kwanza, jina baadaye

Tuchukue mfano wa mama lishe anayetaka kufungua mgahawa Nyakanazi. Kabla ya kutafuta jina, aketi kituoni siku kadhaa na kuangalia: nani wanapita, saa ngapi, na wanakosa nini. Huenda akagundua kwamba madereva wengi huondoka alfajiri wakiwa hawajapata chakula cha moto. Basi ahadi yake iwe hiyo: supu na chapati tayari saa 11 alfajiri. Hapo jina linajileta lenyewe. Mgahawa ukiitwa Alfajiri, jina limekwisha kueleza huduma, na hata asiyejua kusoma atalikumbuka.

Aliyeko kijijini, mbali na barabara kuu, ataona jambo jingine. Wateja wake ni walimu, wauguzi na waendao gulioni. Hao huenda wakathamini zaidi ndizi na maharage yaliyopikwa vizuri, kwa bei isiyobadilika, na maji ya kunawa yasiyokosekana. Ahadi yake na jina lake vifuate wateja hao. Kuiga jina la mgahawa wa mjini hakutamsaidia.

Jina huthibitishwa na watumiaji

Benaco yenyewe ni somo la majina. Jina hilo lilitokana na kampuni ya ujenzi ya Kitaliano iliyokuwa na kambi yake katika eneo hilo. Mwaka 1994, wakimbizi wengi kutoka Rwanda walipovuka Rusumo na kupewa hifadhi hapo, jina hilo likasikika duniani kote. Wajenzi waliondoka, jina likabaki, kwa kuwa ni fupi, linatamkika, na watu walilihitaji ili kuelekezana.

Nairobi nako upo mgahawa wa vyakula vya asili uliofunguliwa kwa jina la Ranalo Foods, lakini wateja wakazoea kuuita K'Osewe, kwa jina la mwenye mgahawa. Funzo ni kwamba mfanyabiashara hupendekeza jina, na wateja ndio wanaolithibitisha. Ni busara kulijaribu jina midomoni mwa watu kabla ya kununua rangi. Mzee wa kitongoji na dereva mgeni walitamke, kisha waulizwe tena baada ya siku mbili. Wakiwa wamelisahau, litafutwe jingine.

Kulisajili na kulilinda jina

Jina lililochaguliwa lisajiliwe kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Maombi hufanyika kwa njia ya mtandao, na mwombaji huhitaji namba ya kitambulisho cha Taifa. Ni vyema kuhakiki kwanza kama jina halijachukuliwa na mwingine.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalifahamu. Kusajili jina la biashara hueleza ni nani anayefanya biashara kwa jina hilo. Haki ya pekee ya kutumia jina au nembo hupatikana kwa kusajili alama ya biashara na huduma, chini ya Sheria ya mwaka 1986. Usajili huo hudumu miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Mgahawa mdogo waweza kuanza na jina la biashara pekee, lakini anayetarajia kufungua tawi la pili hana budi kuifikiria alama mapema, kabla mwingine hajaiwahi.

Bango lisimeze mtaji

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hupata mikopo isiyo na riba kutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa mgawanyo wa asilimia 4, 4 na 2. Mkopo huo haudai riba, ila lazima urejeshwe ili kikundi kingine nacho kikopeshwe. Fedha iliyoishia kwenye bango huku jiko likikosa sufuria haitarejea kwa urahisi. Rangi mbili zilezile ukutani, kwenye aproni na kwenye orodha ya bei zinatosha kuanzia.

Wapo wanaopewa bango la bure na wauzaji wa vinywaji au laini za simu. Msaada huo si mbaya, lakini jina la mgahawa likiandikwa kwa herufi ndogo pembezoni, kinachotangazwa ni soda. Aidha, bango lisisimikwe ndani ya hifadhi ya barabara bila kibali. Kwa barabara kuu, hifadhi hiyo ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na bango lililomo humo bila kibali laweza kuondolewa. TANROADS huulizwa kuhusu barabara kuu na za mkoa, na TARURA kuhusu barabara za wilaya.

Kuitunza ahadi kila siku

Mgahawa wa Alfajiri ukifunguliwa saa 1 asubuhi kwa siku tatu mfululizo, jina lake litageuka mzaha kituoni. Kwa sababu hiyo, ahadi iwe ndogo inayotimizika hata siku ambayo mwenye mgahawa anaugua. Wahudumu wote waijue, na kipimo cha chakula kisipunguzwe kimyakimya bei za sokoni zinapopanda. Ni heri kubandika bei mpya wazi. Leseni na vyeti vya afya vya wahudumu vikitundikwa mahali pa kuonekana, navyo ni sehemu ya utambulisho, kwa maana vinamweleza mgeni kwamba amefika mahali salama.

Anayekusudia kuanza aandike kwanza ahadi yake kwa sentensi moja, kisha afike nayo kwa Afisa Biashara wa halmashauri kwa maelekezo ya leseni, na kwa Afisa Afya kwa ukaguzi wa jengo. Rangi ya bango inunuliwe baada ya hapo.