Kupanga na Kuandika Mapitio ya Kimfumo: Funzo la Tiba ya Malaria Kali

Utafiti mmoja, hata ukiwa mzuri, hutoa jibu la mahali pamoja na wakati mmoja. Mapitio ya kimfumo hukusanya tafiti zote zilizojibu swali moja, huzipima ubora na kuzijumlisha kwa njia iliyotangazwa mapema. Katika somo hili tutafuata hatua zake kwa mfano mmoja: sindano ya artesuneti ikilinganishwa na kwinini katika malaria kali.

1. Swali. Swali liwe na sehemu nne: wagonjwa, tiba, tiba ya kulinganishwa, na matokeo. Katika mfano wetu: je, kwa wagonjwa wa malaria kali, artesuneti hupunguza vifo kuliko kwinini? Anayeuliza tu “artesuneti ni nzuri?” hatajua atafute nini wala aache nini.

2. Itifaki. Andika mpango kabla ya kuona matokeo: tafiti zipi zitaingia, zipi zitaachwa, na matokeo gani yatapewa uzito. Tangu mwaka 2011, itifaki huweza kusajiliwa katika rejista ya PROSPERO. Mpango uliosajiliwa humzuia mwandishi kuchagua baadaye yale yanayomfurahisha.

3. Utafutaji. Tafuta katika hifadhi zaidi ya moja, kwa mfano PubMed, Embase na CENTRAL, pamoja na rejista za majaribio. Majaribio ambayo tiba yake haikuonyesha faida mara nyingi hukosa kuchapishwa. Ukiyaacha, tiba itaonekana bora kuliko ilivyo.

4. Uchaguzi na upimaji. Watu wawili wasome kila utafiti, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, wa tatu aamue. Wachunguze kama wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu na wangapi walipotea kabla ya mwisho. Katika majaribio makubwa ya artesuneti, waganga walijua dawa waliyotoa. Kwa kipimo kama maumivu, jambo hilo lingepotosha matokeo kwa urahisi. Kifo hakitegemei maoni ya mpimaji kwa kiasi hicho.

5. Ujumlishaji. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba artesuneti iliokoa maisha ya watu wazima barani Asia, lakini ushahidi kuhusu watoto ulikuwa haba mno. Kutaja pengo la namna hiyo ni sehemu ya kazi. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio la AQUAMAT, lililofanyika katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, kwa watoto 5,425. Walifariki asilimia 10.9 ya waliopewa kwinini na asilimia 8.5 ya waliopewa artesuneti. Kwa lugha nyepesi, katika kila watoto 1,000, takriban 24 zaidi walinusurika. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesuneti kwa watoto pia. Mapitio yaliyohuishwa mwaka 2012 yalijumlisha majaribio manane: vifo vilipungua kwa asilimia 39 kwa watu wazima na asilimia 24 kwa watoto.

6. Uandishi. Fuata mwongozo wa PRISMA, uliohuishwa mwaka 2020. Onyesha kwa mchoro tafiti ngapi zilipatikana, ngapi ziliachwa na kwa sababu gani. Eleza madhara sawasawa na manufaa. Mapitio ya mwaka 2012 hayakuficha kwamba watoto waliopewa artesuneti walikuwa na kasoro za neva zaidi kidogo wakati wa kuruhusiwa kutoka hospitalini. Nyingi zilitoweka, na kufikia siku ya 28 hapakuwa na tofauti ya uhakika kati ya dawa hizo mbili.

Nawe mgonjwa au mzazi, una haki ya kumuuliza mhudumu wako: ushahidi wa tiba hii umetoka katika tafiti ngapi? Je, waliochunguzwa wanafanana na mimi au mwanangu? Madhara yake ni yapi? Maswali hayo hayamvunjii mtaalamu heshima. Ndiyo yale yale ambayo mwandishi wa mapitio hujiuliza.

Zoezi. Chagua tiba moja inayotolewa katika kituo chako. Andika swali lake kwa sehemu nne, kisha taja sababu mbili za kuacha utafiti. Linganisha majibu yako na ya mwenzako kabla ya kutafuta utafiti wowote.