SOMO LA TAWI: KUCHAGUA KOMPYUTA NDOGO YA OFISI



Ofisi nyingi za matawi ni chumba kimoja chenye meza moja. Juu ya meza hiyo kuna daftari la wanachama, stakabadhi za ada na muhuri. Tawi linapotaka kununua kompyuta, lisiulize kwanza ipi inang'aa. Liulize itafanya kazi gani, na itakaa wapi.

1. Kazi yake

Hapa Msumbiji mfanyakazi hukatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya hifadhi ya jamii, INSS, na mwajiri huongeza asilimia 4. Kwa mshahara wa metikali 10,000, mfanyakazi hukatwa 300 na mwajiri hutoa 400; jumla 700 kila mwezi. Tawi lenye orodha safi ya mishahara na makato lina silaha ya kudai fedha zisizofikishwa.

Kazi hiyo ni ya majedwali na barua, haihitaji mashine kubwa. Kumbukumbu ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256 zinatosha. SSD haina kipande kinachozunguka, hivyo huvumilia mtikisiko wa safari.

2. Mahali pake

Kompyuta ndogo za mezani, kama ThinkCentre Tiny ya Lenovo, zina upana wa sentimita 18 hivi. Baadhi hufungwa nyuma ya skrini, meza ikabaki wazi. Nyingi hutumia adapta ya wati 65 au 90, jambo la manufaa penye jenereta au umeme wa jua. Lakini hazina betri: umeme ukikatika, kazi isiyohifadhiwa hupotea. Basi bei ya UPS, skrini, kibodi na kipanya ihesabiwe tangu mwanzo.

Hewa ya pwani ya Tungue ina chumvi na unyevu, na feni huivuta ndani. Mashine ikae mbali na dirisha la baharini, na matundu yake yasizibwe.

3. Mashine iliyokwisha tumika

Ni rahisi kwa bei, lakini tahadhari. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ulizeni kama mashine inakubali Windows 11. Ikiwa haikubali, Linux na LibreOffice hupatikana bila malipo. Wajumbe wawili waione ikiwaka kabla ya kulipa, na stakabadhi iandikwe jina la tawi, si la katibu.

4. Nakala

Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliezua nyumba Cabo Delgado. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa, na watu wakakimbia na walichoweza kubeba. Mfanyakazi aliyepoteza ushahidi wa miaka yake ya kazi hupata taabu kudai haki yake. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nakala moja iwekwe kwenye flashi yenye neno la siri, ikae kwa mjumbe mwingine, na nyingine ichapishwe karatasini.

Maswali ya kujadili

1. Tawi letu lina kazi zipi za kuandika kila mwezi?
2. Umeme ukikatika siku tatu, orodha itasomwa wapi?
3. Nani atafundishwa pamoja na katibu, ili ujuzi usiwe wa mtu mmoja?