Namba Mbele ya Wasikilizaji

Msomaji akikutana na namba asiyoielewa hurudi nyuma, huhesabu sifuri, kisha huendelea. Msikilizaji hana nafasi hiyo: namba ikishatamkwa imekwenda. Ndiyo maana ripoti nzuri ya Kifaransa, ikisomwa neno kwa neno kwa Kiswahili mbele ya watu, mara nyingi huacha ukumbi kimya, na kimya hicho si cha kuelewa. Jambo hili linatuhusu sisi wa idara za lugha kwa namna ya pekee, kwa sababu ndio tunaoitwa kutafsiri kwenye mikutano ya afya, ya kilimo na ya migodi. Katika makala hii tutaangalia jinsi namba inavyoweza kumfikia msikilizaji, na mitego michache ya lugha inayoizuia isifike.

Tuanze na mfano ambao wengi wetu tuliusikia shuleni: Kongo ni kubwa mara 80 kuliko Ubelgiji. Hesabu yenyewe imeongezwa kidogo, maana kilometa za mraba 2 345 000 zikigawanywa kwa 30 500 hivi zinatoa mara 77. Lakini tatizo si hizo mara 3. Tatizo ni kwamba kipimo hicho kinamfaa mtu anayeijua Ubelgiji, aliyeizunguka, anayeweza kuiona akilini. Kwa mwanafunzi wa Lubumbashi ambaye hajafika Bruxelles, ni kueleza kitu kisichojulikana kwa kitu kingine kisichojulikana. Basi tugeuze: toka pwani ya bahari mpaka kona yake ya kusini-mashariki, Ubelgiji haizidi kilometa 300, yaani kama safari ya Lubumbashi mpaka Kolwezi. Aliyewahi kukaa kwenye basi la Kolwezi sasa anaijua Ubelgiji kwa mgongo wake, na zile mara 77 zinaanza kusema kitu. Kipimo lazima kitoke kwa msikilizaji, si kwa aliyeandika kitabu.

Mfano wa pili. Mto Kongo humwaga baharini, kwa wastani, meta za ujazo 41 000 kila sekunde. Meta ya ujazo haina sura kwa watu wengi. Bidoni ya lita 20 inayo: kila mmoja wetu ameibeba, kichwani au kwenye baiskeli. Meta za ujazo 41 000 ni lita milioni 41, ni bidoni 2 050 000. Kwa hiyo tunaweza kusema hivi: maji ya sekunde 2 tu yangetosha kumpa kila mkazi wa Lubumbashi bidoni yake, mtoto mchanga naye, na nyingine zingebaki. Katika mji ambapo watu huamka usiku kutafuta maji, mfano huu unaingia haraka. Pengine unauma pia.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi, na ndipo kazi yetu inapopimwa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013–2014 ulikadiria vifo vya akina mama kutokana na uzazi kuwa 846 kwa kila watoto 100 000 wanaozaliwa hai. Mkalimani akiwaambia akina mama waliokaa kwenye benchi la kituo cha afya «mia nane arobaini na sita kwa mia elfu», amesema kweli, lakini hakuna aliyeambiwa kitu. Hakuna aliyewahi kuona watoto 100 000. Tugawanye: ni mama mmoja kwa kila watoto 118. Maternite inayopokea watoto 4 kwa siku hufikisha 118 katika mwezi mmoja. Mama mmoja kila mwezi, basi.

Hapo ukumbi utaelewa, na hapo hapo hatari inaanza. Namba ile ni wastani wa nchi nzima, wala haikuhesabiwa katika kituo hicho. Ndani yake wamo waliojifungulia nyumbani na waliofariki siku kadhaa baada ya kujifungua. Asiyeeleza hivyo atawafanya watu wamtazame mkunga wao kwa jicho baya. Aseme waziwazi: «tukichukua wastani wa nchi, mwaka ule». Kisha anyamaze kidogo, kwa sababu huenda kwenye benchi lile yupo aliyefiwa na dada yake. Kuipa namba sura ya mtu ni wajibu, lakini si ruhusa ya kutisha watu.

Sasa mitego ya lugha. Wa kwanza ni ule wa *milliard*. Kiswahili sanifu huita milioni elfu moja «bilioni», wakati *billion* ya Kifaransa ni milioni mara milioni, ile ambayo Kiswahili huita «trilioni». Sekunde milioni 1 ni siku 11 na nusu. Bilioni ya Kiswahili ni karibu miaka 32. *Billion* ya Kifaransa ni karibu miaka 32 000. Anayetafsiri bajeti bila kuangalia hili anapoteza sifuri tatu. Ukiwa na shaka, sema «milioni elfu moja», hakuna atakayekosea.

Wa pili ni wa mkato. Vitabu vya Tanzania huandika 3,500 kwa elfu tatu na mia tano, lakini aliyesoma kwa Kifaransa anaona tatu na nusu. Ndiyo maana hapa tumeacha nafasi.

Wa tatu umo ndani ya Kiswahili chenyewe. «Watu elfu mia moja na watano» ni 100 005, lakini «elfu mia moja na tano» yaweza kuwa 105 000 au 100 005, kwa kuwa neno elfu hutangulia na sikio halijui linaishia wapi. Rudia neno: «elfu mia moja na elfu tano». Upatanisho wa ngeli nao hutusaidia, kama ile «wa-» ya «watano» inavyoonyesha.

Kuhusu asilimia nitasema machache. «Mwanafunzi mmoja katika watano» husikika vizuri kuliko «asilimia 20». Na ongezeko la asilimia 100 linaweza kuwa la mtu mmoja aliyepata mwenzake. Taja idadi ya mwanzo daima.

Zoezi: Mitambo ya Inga I na Inga II ina uwezo uliowekwa wa megawati 1 775, ambao si sawa na umeme unaotoka kila siku. Megawati 1 ni wati milioni 1. Andika sentensi moja kwa wanafunzi wa umeme, na nyingine kwa akina mama wa soko la Kenya, mjini Lubumbashi. Zisome kwa sauti kwa mtu ambaye hajaziona, umwombe azirudie baada ya dakika 10, kisha andika alichosema yeye.