Picha ya Mateka Ikifika Kwenye Simu Yako: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Busia na Tororo

Mwongozo huu ni wa mafundi simu, waendesha bodaboda, wenye vibanda vya video, mawakala wa forodha na watangazaji wa redio. Unahusu picha za watu waliokamatwa vitani au na dola, wakionyeshwa wamefungwa, wamevuliwa nguo au wakilazimishwa kukiri.

Anayepiga picha za namna hii si mpita njia. Mara nyingi mateka hutendewa unyama kwa sababu kamera ipo. Februari 1973, serikali ya Idi Amin iliwapiga risasi hadharani, katika miji kadhaa ya Uganda, watu walioshtakiwa kwa uasi. Huko Mbale, jirani na Tororo, Kapteni Tom Masaba alivuliwa nguo na kufungwa kwenye mti mbele ya kamera. Wangeweza kumuua gerezani. Walichotaka ni watu waone, waogope.

Zamu ya wafanyabiashara ikafuata. Mwaka 1975 iliundwa Mahakama ya Makosa ya Kiuchumi, na wapiga picha wa serikali wakawasimamisha washtakiwa wa magendo pamoja na bidhaa zao. Negativu za enzi hiyo, takriban 70,000, zilihifadhiwa na Shirika la Utangazaji la Uganda, na baadhi ya picha zikaonyeshwa katika Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Magendo yalilisha nyumba nyingi za mpakani, kwa hiyo nyuso zile ni za watu kama sisi. Bidhaa zinaonekana vizuri. Kipigo cha mahabusu hakionekani. Mtazamaji alipewa hukumu kabla ya ushahidi.

Januari 2016, baada ya kushambulia kambi ya El Adde nchini Somalia, kundi la Al-Shabaab lilisambaza picha za askari wa Kenya waliouawa. Zilifika kwenye simu zetu kupitia mikono ya raia wasioliunga mkono kundi hilo hata kidogo. Familia za askari ziko kati yetu: Rubongi, Tororo, kuna kambi ya jeshi, na mke wa askari anaweza kuwa mteja wako.

Mikataba ya Geneva ya 1949 inataka mfungwa wa vita alindwe dhidi ya matusi na macho ya umma, na inakataza kumdhalilisha mateka hata katika vita vya ndani. Haijalishi ni adui au ni wetu.

Kwa hiyo usiisambaze, hata kwa nia ya kulaani. Usiionyeshe kibandani. Fundi asinakili picha aliyoikuta kwenye simu ya mteja. Lakini usiharakishe kuifuta: huenda ndiyo ushahidi pekee wa mateso. Andika ilitoka kwa nani na lini, kisha ipeleke kwa tume ya haki za binadamu ya nchi yako. Anayemtafuta ndugu aliyepotea vitani aelekezwe kwa Msalaba Mwekundu, wenye huduma ya kuunganisha familia. Mtangazaji anaweza kueleza kilichotokea bila kurudia maneno ambayo mateka alilazimishwa kuyasema, wala asitaje jina lake hewani kabla ya watu wa nyumbani kwake kuarifiwa.