BUNDI MKUBWA WA KASKAZINI NA MAJINA YAKE



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, katika somo la viumbe mwaka huu tumemchagua ndege ambaye huku kwetu hayupo kabisa. Tumefanya hivyo kwa makusudi. Bundi wa huku kila mtu anadhani anamjua, na mengi anayoyajua ni ya kutishana tu. Huyu wa mbali tunaweza kumwangalia kwa utulivu, kisha tukirudi kwa yule anayelia juu ya mwembe tutamtazama kwa jicho jingine.

Ndege wetu ni bundi mkubwa wa kijivu. Kwa urefu ni miongoni mwa bundi wakubwa kuliko wote duniani: kutoka kichwani hadi mkiani hufika sentimita 70 na zaidi, na akikunjua mabawa huwa kama mita moja na nusu. Lakini ukimweka kwenye mizani utashangaa. Uzito wake ni kama kilo moja tu, jike akizidi kidogo. Ukubwa ule wote ni manyoya, na manyoya hayo ndiyo blanketi lake.

Anaishi wapi? Tufungue ramani ya dunia tutazame juu. Kuna mkanda wa misitu unaoizunguka kaskazini ya dunia, misitu ya miti aina ya misonobari yenye majani kama sindano, nao huitwa taiga. Bundi huyu hupatikana Alaska na Kanada, akashuka na milima ya magharibi ya Marekani mpaka California. Ng'ambo ya bahari yuko Norwei, Uswidi na Ufini, kisha Urusi nzima hadi karibu na bahari ya Pasifiki, na pia Mongolia na kaskazini mashariki ya China. Wengine huzaliana hata Belarus na kaskazini ya Ukraine. Katika misitu hiyo hapendi kukaa katikati ya giza la miti. Hutaka ukingo wake, penye kinamasi au uwanda wa majani karibu, kwa sababu huko ndiko kuliko na riziki yake: panya wadogo wenye mikia mifupi.

Hapa panahitaji kusimama kidogo. Wakati wa baridi panya hao hupita chini ya theluji, na juu hakuna dalili yoyote. Bundi hukaa kwenye tawi akisikiliza. Uso wake ni duara kubwa kama dishi la kunasa matangazo, na manyoya yake huelekeza sauti masikioni. Matundu ya masikio nayo hayako sawasawa, moja liko juu kuliko jingine, hivyo sauti hufika kwa tofauti ndogo sana, naye kwa tofauti hiyo hujua panya yuko juu au chini, kulia au kushoto. Huruka bila kishindo, akasimama hewani juu ya mahali penyewe, kisha akajitupa ndani ya theluji yenye kina cha karibu nusu mita na kutoka na panya mguuni. Sub-haana Llah! Tena huwinda hata mchana. Anayesema kila bundi ni kiumbe wa usiku ajue kwamba huko juu wakati wa kiangazi jua halizami ila kwa muda mchache, na pengine halizami kabisa.

Sasa tuje kwenye majina. Kitabuni anaitwa Strix nebulosa. Jina la kwanza ni la Kilatini cha kale lenye asili ya Kiyunani, maana yake bundi. La pili linatokana na neno la ukungu. Aliyempa ni Johann Reinhold Forster, mwaka 1772, katika maandishi yake juu ya ndege walioletwa London kutoka Hudson Bay, Kanada. Forster hakumwona akiruka katika misitu hiyo. Aliletewa ndege aliyekufa, akaona rangi ya ukungu, akaandika.

Wengine waliona jambo jingine. Wajerumani na Warusi wanamwita bundi mwenye ndevu, kwa ajili ya doa jeusi chini ya mdomo. Wafaransa, Wahispania na Wafini wanamwita bundi wa Lapland, ingawa Ufini anapatikana hata nje ya Lapland. Na neno hilo Lapp lina kisa chake: ni jina ambalo wenyeji wa kaskazini ile walipewa na majirani, na wengi wao leo huliona ni la dharau. Wenyewe hujiita Wasami. Kwa hiyo ndege amebeba jina la watu ambalo watu wenyewe hawalitaki.

Na sisi je? Huku pwani tunasema bundi, na wako wanaosema babewatoto, jina la kuwatishia watoto. Jina kama hilo lina madhara yake, maana ndege hupigwa mawe kwa sababu ametua juu ya paa. Waarabu wa zama za ujahilia nao walikuwa na itikadi ya hama: kwamba aliyeuawa hutokewa na ndege kutoka kichwani mwake anayelia mpaka kisasi kilipwe, au kwamba bundi akitua juu ya nyumba amekuja kutangaza kifo. Mtume (S.A.W.) aliikanusha itikadi hiyo, na hadithi yake imepokewa na Abu Huraira (R.A.) katika Sahih Bukhari. Bundi aliyeko juu ya paa anatafuta panya, na pengine ni panya wa jikoni kwako.

Turudi kaskazini. Panya wakiadimika bundi hawa huhama. Katika majira ya baridi ya 2004 hadi 2005 walihesabiwa zaidi ya 5,000 katika jimbo la Minnesota, Marekani, na mamia walikufa kwa kugongwa na magari. Shida nyingine ni makazi. Bundi huyu hajengi kiota. Hutumia kiota cha zamani cha mwewe au kunguru, au kilele cha mti mkavu uliovunjika. Mti mzee ukikatwa kwa kuwa eti haufai kitu, nyumba yake imekwenda. Ndiyo maana Uswidi na Kanada wako watu wanaomtengenezea majukwaa ya mbao juu ya miti. California, ambako wamebaki wachache, serikali ya jimbo ilimweka katika orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1980. Jimbo la Manitoba, Kanada, lilimfanya ndege wake rasmi mwaka 1987.

Kazi ya nyumbani: bundi wa misituni wa Afrika, jamaa yake wa karibu aliye katika ukoo huohuo wa Strix, anapatikana hata huku Afrika Mashariki. Waulizeni babu na bibi zenu bundi wangapi wanawajua, kila mmoja anaitwaje, na kwa nini anaitwa hivyo. Andikeni majina hayo daftarini na kuyaleta darasani, inshaAllah.