Kompyuta Shuleni na Maandalizi ya Mitihani: Tumejifunza Nini?

Wapendwa wanakamati wa sharika, wazazi na wafadhili wetu,

Katika toleo hili tumeona vema tuache kidogo habari za visima na mabweni, tuzungumzie jambo ambalo kamati nyingi zimekuwa zikituandikia: maombi ya kompyuta na vishikwambi vya kuwasaidia wanafunzi kujiandaa na mitihani. Mnaweza kulisoma somo hili pamoja kikaoni. Mwishoni tumeweka maswali ya kujadili.

1. Kwa nini jambo hili ni zito huku kwetu

Ifikapo Novemba kila mwaka, vijana wa Kidato cha Pili na cha Nne hufanya mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania. Mtoto wa Loliondo huingia chumba cha mtihani akiwa na kazi mara tatu. Nyumbani anazungumza Kimaasai, au Kisonjo akiwa ametoka upande wa Samunge na Digodigo. Shule ya msingi alifundishwa kwa Kiswahili. Sasa karibu kila swali analoulizwa limeandikwa kwa Kiingereza.

Tuchukue mfano. Swali la Bayolojia linamtaka aeleze namna kupe anavyodhuru mifugo. Kijana huyu amechunga tangu akiwa mdogo. Anaijua ndigana kali, anajua kupe hujificha wapi kwenye mwili wa ng'ombe, na pengine amemwona baba yake akipoteza ndama kwa ugonjwa huo. Lakini swali likija kwa Kiingereza, anaandika mstari mmoja na kuendelea mbele. Alama anazopoteza hapo hazikupotea kwa kukosa maarifa.

Kwa binti, jambo ni zito zaidi. Akiwa mwanafunzi, sheria inamlinda: marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanakataza mtu kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Akishindwa na kurudi nyumbani, ulinzi huo wa uanafunzi humwondoka, na wako ndugu wanaosubiri siku hiyo. Kwa hiyo tunapozungumzia maandalizi ya mtihani, hatuzungumzii alama peke yake.

2. Mahali tulipokosea

Tunapenda kuwa wakweli kwenu. Katika shule mojawapo tulipeleka kompyuta, tukapiga picha za makabidhiano, tukaandika taarifa. Katika taarifa ile tulitaja idadi ya kompyuta. Hatukuandika hata mstari mmoja kuhusu kile ambacho mwanafunzi angefanya akiketi mbele yake.

Tuliporudi baada ya muhula mmoja, chumba kilikuwa kimefungwa na aliyeshika ufunguo alikuwa safarini. Programu zilihitaji intaneti, na fedha za vocha zilikuwa zimekwisha mwezi wa kwanza. Chumba kilipofunguliwa, tuliona wanafunzi wakisoma nukuu kwenye kioo cha kompyuta vile vile wanavyosoma daftari, kuanzia juu hadi chini, kisha wanaanza tena.

Binti mmoja wa Kidato cha Pili alituambia, "Mada hii nimeisoma mara tatu, mama." Tulimpa swali moja kutoka mtihani uliopita wa mada hiyo hiyo. Alishika kalamu muda mrefu, asiandike kitu. Hakuwa ametudanganya. Alikuwa amesoma kweli mara tatu, na sisi ndio tuliokuwa tumemletea namna mpya ya kusoma mara ya nne.

3. Kusoma tena na kujipima ni mambo mawili

Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma habari na kuirudia kuisoma. Kundi la pili lilisoma, kisha likafunga na kujaribu kuandika yote linayoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi.

Somo kwetu ni kwamba kusoma tena humpa mwanafunzi hisia ya kujua. Kujaribu kujibu, kukosea, kusahihishwa na kujaribu tena ndiko kunakomwandaa. Programu ya kompyuta itafaa ikiwa inamsukuma kwenye kazi hiyo. Isipofanya hivyo, ni daftari linalotumia umeme.

4. Vifaa vilivyopo

Mambo mengi mazuri yapo tayari, tena bila malipo. Kamati isikubali kuuziwa programu kabla ya kuyaangalia haya.

(a) Tovuti ya Baraza la Mitihani huweka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Humo mna maswali, mifano ya majibu mazuri na mabaya, na sababu za kukosea. Sababu mbili hujirudia: mtahiniwa hakuelewa swali linataka nini, na Kiingereza chake ni hafifu. Kwa shule zetu, hizi ni hazina.

(b) Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada.

(c) Shule Direct, iliyoanza mwaka 2013, ina nukuu na maswali ya sekondari yanayofuata mtaala wa Tanzania. Inamfaa mwanafunzi aliye likizo na anayeweza kuazima simu ya mzazi.

(d) Kolibri, ya shirika la Learning Equality la Marekani, imetengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Masomo hupakuliwa mara moja mjini na kuwekwa kwenye kompyuta moja, na kompyuta nyingine shuleni huyapata kutoka kwa hiyo bila vocha. Mwalimu anaweza kuona nani amefanya zoezi gani na amekosea wapi.

Angalizo: mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024. Mwalimu wa somo ahakikishe kwamba maswali ya zamani bado yanalingana na mtaala wa darasa husika.

5. Mzunguko wa wiki

Baada ya kujirudi, tulikaa na walimu wa shule ile tukakubaliana hivi. Jumatatu wanafunzi wanajibu maswali mawili ya mtihani uliopita kwa kalamu na karatasi, kwa kuwa siku ya mtihani hakutakuwa na kompyuta. Katikati ya wiki wanaingia chumba cha kompyuta kwa makundi, wanalinganisha majibu yao na mifano ya Baraza, kisha wanafanya mazoezi ya mada waliyokosea. Ijumaa wanajibu swali jingine la mada hiyo hiyo, na mwalimu anasahihisha.

Kila mmoja ana daftari la makosa. Ukurasa wa kwanza una maneno ya kuamrisha yanayotumika kwenye mitihani: taja, eleza, tofautisha, fafanua. Yameandikwa kwa Kiingereza, na maana yake kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Walimu waligundua kwamba wanafunzi wengi walikuwa wakitaja pale walipotakiwa kueleza.

Yule binti tulimkuta mwaka uliofuata akiwa Kidato cha Tatu. Hatusemi kompyuta ndiyo iliyomvusha. Mwalimu aliyesahihisha kila Ijumaa ana sehemu kubwa. Daftari lake la makosa lilikuwa limejaa, ameanza la pili.

6. Kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara

Tuseme shule ina kompyuta ndogo 10, kila moja ikitumia wati 40. Kwa saa 3 kwa siku zinahitaji wati-saa 1,200. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba kiasi hicho hicho, lakini betri ya kawaida ya sola haifai kutumiwa zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Kwa hiyo ziwekwe betri tatu, pamoja na paneli za kutosha kuzijaza. Mbili zingetosha kwenye karatasi tu, kwa sababu umeme mwingine hupotea njiani.

Tuseme tena wanafunzi ni 80. Wakikaa wawili wawili, makundi ni manne, na kila kundi lapata saa moja na nusu mara mbili kwa wiki endapo chumba kitafunguliwa siku nne. Kikifunguliwa siku mbili, wanapata nusu yake. Kwa maneno mengine, mtu mwaminifu wa kufungua mlango ana thamani sawa na kompyuta nyingine 10.

Wafadhili wapendwa, ndiyo maana katika maombi yetu mtaona posho ya msimamizi wa chumba, karatasi za majaribio na fedha za kubadilisha betri. Mambo haya hayapendezi kwenye picha, lakini bila hayo chumba hufungwa.

7. Maswali ya kujadili kikaoni

1. Katika shule iliyo karibu na usharika wetu, ufunguo wa chumba cha kompyuta uko kwa nani, na asipokuwepo hushikwa na nani?
2. Kila mwanafunzi anapata saa ngapi kwa wiki? Tuulize wanafunzi wenyewe.
3. Nani anasahihisha, na mwanafunzi hurudishiwa karatasi baada ya siku ngapi?
4. Ni binti gani katika usharika wetu anayefanya mtihani mwaka huu, na ni mzee gani au mama gani atakwenda kuzungumza na wazazi wake, apewe muda wa kusoma jioni badala ya kazi zote kumwangukia?

Swali la nne halihitaji umeme wala mfadhili. Tunaomba kila kamati ianze na hilo, na ituletee majibu kabla ya toleo lijalo.

Mratibu wa Miradi, kwa niaba ya Idara